Saa za Kufuta Vioo

Nimezima mitambo ishirini na saba katika miaka kumi na tisa ya kazi, na kila nilikokwenda nimekaribishwa chai. Nafikiri watu huamini kwamba mpimaji akishiba atalegeza moyo. Wanapoteza sukari yao bure, kwa sababu mimi sipimi chochote. Anayepima ni Mizani, mashine ya hesabu iliyoko Dodoma, nayo haili wala hainywi. Kazi yangu mimi ni kuapa tu.

Nilimweleza hivyo Fundi Gwimo siku niliyofika Nyamunyu, lakini chai alinimiminia hivyo hivyo. Alikuwa mkuu wa mtambo, mtu mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka. Nilimhurumia. Sheria ya Ushindani haina mchezo. Mtambo wa umeme safi ukitimiza miaka saba unashindanishwa na gesi. Umeme wake ukiwa ghali kuliko wa gesi, mtambo unafungwa siku hiyo hiyo. Ukiwa nafuu, mingine ya aina yake inajengwa kwingineko. Katika miaka yangu yote nilikuwa sijaona hata mmoja ulioshinda.

Nikambandika Shahidi kwenye ukosi wa gauni. Ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kinaona ninachokiona na kusikia ninachokisikia, lakini hakipeleki kitu kwa Mizani mpaka nitamke neno moja, nathibitisha. Nisipolitamka, kisheria jambo hilo halikutokea.

Gwimo akanitembeza. Nyamunyu ni mji wa chumvi. Kuna chemchemi za maji ya chumvi, na tangu enzi za mababu watu waliyachemsha kwa kuni mpaka yakakauka. Misitu ikaisha, vifua vikaoza kwa moshi. Halafu ukaja mtambo huu ambao wenyeji wanauita Chungu. Kwenye uwanda kuna vioo elfu tisa vinavyoligeukia jua na kulirusha kwenye mnara mmoja. Chini ya mnara, ardhini, kuna tangi la chumvi iliyoyeyuka, nyekundu kama kaa la moto, na joto lake linakaa siku tisa hata mawingu yakitanda. Joto hilo linazungusha mashine za umeme na kuchemsha maji ya chemchemi. Nikapita kwenye tangi, kwenye pampu, kwenye mashine, na kila nilichokikuta kizima nilikithibitisha. Kwenye fomu ya wafanyakazi waliandikwa watu sita. Nikawaona wote sita, nikathibitisha.

Jioni Mizani ikanisomea sikioni matokeo ya awali. Uniti moja ya umeme wa gesi ni shilingi mia mbili na kumi. Ya Nyamunyu ni mia moja themanini na saba. Nilimwomba Gwimo akae chini kwanza ndipo nikamwambia. Akaomba nirudie. Nikarudia, naye akafunika uso kwa viganja akalia, na mimi machozi yakanilengalenga, nikajifanya vumbi limeniingia. Mizani ikaendelea: hukumu kamili itatolewa kesho saa nane mchana, na mtambo ukishinda, miji kumi na mmoja itajengewa Chungu chake. Ikaitaja yote. Wa saba ulikuwa mji wetu, kwa mama yangu.

Kitu kimoja tu kilinikera. Mizani ilisema vioo vya Nyamunyu vinatoa joto zaidi kwa theluthi moja kuliko vioo kama hivyo vilivyowahi kujaribiwa mahali pengine, na sababu ilikuwa imeandikwa: hali nzuri ya hewa. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vyeupe kwa vumbi la chumvi mpaka juu. Nikamuuliza Gwimo vioo vinabakije safi kwenye vumbi hili.

"Vinafutwa," akasema.

"Na nani?"

"Na watu."

Alisema kama mtu anayekuambia kuwa asubuhi kunakucha. Ningeuliza zaidi. Sikuuliza, na sababu yenyewe naikiri hapa bila kuficha: nilikuwa na furaha.

*

Nilipangiwa kulala kwa Mama Yuditha Ntabaye, mjane wa miaka sitini na kitu ambaye nyumba yake inatazamana na uwanda wa vioo. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlango. Nikajifunga khanga, nikamfuata.

Uwanda ulikuwa umejaa watu. Wengi walikuwa wanawake, na wanaume kiasi, kama mia nne hivi kwa macho yangu, kila mmoja na ndoo ndogo na kitambaa. Vitambaa vyote vilikuwa vipande vya khanga kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama sikio la mbuzi. Vioo hivi si vya kawaida. Juu yake kuna utando hai wanaouita ngozi, unaooteshwa maabara, na ukikwaruzika kidogo unajiponya wenyewe. Ila chumvi inauziba pumzi. Waliwahi kuletewa mashine za kufuta, na brashi zake zikaichuna ngozi kwa wiki moja. Khanga haichuni. Basi watu walifuta mstari kwa mstari, wameinama, hawaongei sana, na nyuma yao vioo vilibaki vinang'aa.

Kulipoanza kupambazuka vizuri ikapigwa filimbi, na wote wakatoka mbio. Nami nikakimbia bila kuelewa. Yuditha akanishika mkono mpaka tulipofika barabarani, ndipo akanionyesha: jua lilichungulia juu ya kilima, vioo vyote elfu tisa vikajigeuza kwa pamoja, na pale tulipokuwa tumesimama ukapita mwanga ambao hata kwa mbali ulinichoma kope.

"Vinaamka," akasema. "Ndiyo maana tunawahi."

Nikamuuliza kwa nini fomu inasema wafanyakazi ni sita.

"Si ndio sita? Gwimo na wenzake."

"Na ninyi, mama?"

"Sisi tunafuta."

"Kufuta si kazi?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza swali la kitoto mbele ya wageni. "Mwanangu, mwenzio akijifungua ukampelekea uji, unaandika kwamba umefanya kazi? Hii ni ikibiri. Mama zetu walilimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Sisi tunafuta vioo. Asiyekuja hatozwi faini. Tunakwenda kumuuliza kama anaumwa."

Nikaelewa. Hakuna aliyeficha kitu. Ofisi ilileta fomu, fomu ikauliza wafanyakazi ni wangapi, nao wakajibu kwa ukweli wao wote. Watu mia nne, saa mbili, kila siku ya Mungu kwa miaka saba, na kwenye karatasi za Dodoma watu hao walikuwa wameitwa hali nzuri ya hewa.

Kwenye ukosi wangu Shahidi aliwasha taa yake ya kijani. Alikuwa ameona. Alikuwa anangoja neno.

Sikusema. Nilijua hesabu itaelekea wapi, na nilitaka Chungu kishinde. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niondoke mahali nikiwa nimeacha taa zinawaka.

*

Tulipokuwa tunakunywa uji nikagundua kwamba chumba kimoja cha Yuditha kimezibwa dirisha kwa mablanketi. Akaniambia yumo mkwewe, Konsolata, na kwamba amesikia sauti yangu na anataka kunisalimia.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na tisa, amekaa gizani, kitambaa cheusi machoni. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikakaa kitandani pembeni yake. Alinisimulia mwenyewe bila kuulizwa. Miaka miwili iliyopita alisikia filimbi, akatoka, kisha akakumbuka ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa imetoboka. Akarudi kuichukua na vioo vikaamka.

"Sioni kitu," akasema. "Lakini mwanga unaniona. Vile vioo vikigeuka kutwa nzima huku nyumbani kunakuwa na mng'ao, na ukinipata kichwa kinataka kupasuka. Natoka jua likishazama."

Nikamuuliza kama wako wengine. Wako watano, akasema. Nilikuwa nimeisoma orodha ya ajali za Nyamunyu siku iliyopita, na nilikuwa nimeithibitisha kwa sauti yangu. Ilikuwa imeandikwa: hakuna. Ajali huandikwa ya mfanyakazi, na Konsolata hakuwa mfanyakazi.

Akanyoosha mkono akanipapasa mpaka akafika kwenye ukosi. Kidole chake kikagusa Shahidi.

"Ndiyo hiki kinachosikia?"

"Ndicho. Lakini hakisemi mpaka niseme mimi."

"Utasema?"

Nilimweleza yote, kwa sababu alistahili. Nikisema, saa za watu mia nne zitaingia kwenye bei, Chungu kitashindwa na gesi, na kitafungwa leo leo. Bomba la gesi halitafika Nyamunyu kabla ya miaka minne. Mji utarudi kwenye kuni. Nisiposema, taa zitabaki, na miji mingine kumi na mmoja itajengewa vioo. Huko watu wataambiwa tu kwamba vioo vinafutwa, na wengine wao hawana ikibiri. Huko atakayewatoa watu vitandani alfajiri ni mgambo.

Konsolata aliutoa mkono kwenye ukosi wangu. Yuditha alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuni nazijua," akasema Konsolata. "Mama yangu alikufa kwa moshi wa tanuri la chumvi. Kwa hiyo sikuombi useme, wala sikuombi unyamaze. Nakuomba usiape kwamba sikuwepo."

*

Shauri lilisikilizwa kwenye ukumbi wa kata saa nane kamili. Watu waliujaza mpaka madirishani. Habari za jana zilikwisha kuenea, na walikuwa wamevaa nguo za sikukuu.

Kabla sijapanda jukwaani Yuditha akanivuta kando pamoja na Gwimo. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba ananiona nilivyo na nia ya kuwahurumia, na akauliza ni nani kati yao aliyeniomba huruma. Wao walikubali wenyewe kufuta. Walikubaliana kwenye mkutano, bila mgambo wala mkuu wa wilaya, na katika miaka saba hawajazika mtu kwa kifua. Je, mimi mgeni wa siku mbili ndiye nitakayewaambia kwamba walikuwa wananyonywa?

Nikamwambia nafikiria watu wa ile miji mingine. Akasema watu wa miji mingine wana midomo yao.

Gwimo ndiye aliyenipiga pabaya. Aliuliza kwa upole, kama fundi anayeuliza kipimo: "Dada, kule kwenye gesi, nani aliulizwa nani anafuta nini?"

Bei ya gesi haiapiwi. Inaifikia Mizani kwa barua, mara moja kwa mwaka, na hakuna mpimaji aliyewahi kutumwa kuangalia nyuma ya barua hiyo kuna nani. Miaka kumi na tisa nimelijua hilo, na nililiona kama mtu anavyoona ufa kwenye nyumba ya kupanga. Sasa nilikuwa natakiwa kusema ukweli upande mmoja wa mizani tu, ule wa wanyonge, na kuuacha upande wa pili na uongo wake.

Nikapanda jukwaani. Sauti ya Mizani ikatoka kwenye spika za ukumbi, sauti ya kike yenye adabu. Ikauliza kama mpimaji ana la kuongeza kabla ya hukumu.

Niliwatazama. Nikamtafuta mtu wa kunichukia mapema ili iwe rahisi, nikakosa. Nikasema: "Leo alfajiri nimeona watu kama mia nne wakifuta vioo kwa saa mbili. Wanafanya hivyo kila siku tangu mtambo uanze. Watu watano wameumia, na nimeonana na mmoja wao, anaitwa Konsolata. Hayupo kwenye orodha niliyoithibitisha jana. Nathibitisha."

Nafikiri wengi hawakujua bado nimefanya nini. Kwao nilikuwa nimesema jambo linalojulikana na kila mtu.

"Saa laki mbili na elfu tisini na mbili kwa mwaka zimepokelewa," ikasema Mizani. "Taja bei ya saa moja."

Hapo ndipo nilipouona mlango wa kutokea. Kanuni inasema bei ya kazi hutajwa na anayeifanya. Wafutaji wakisema ni bure, sifuri ndiyo itakayoandikwa, mtambo utashinda, nami nitakuwa nimesema kweli tupu. Nikamgeukia Mama Yuditha kwa haraka mno. Nilimwomba kwa macho.

Akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Haina bei," akasema, na ukumbi mzima ukaitikia kwa makofi.

"Sifuri imepokelewa," ikasema Mizani. "Mpimaji, thibitisha kwamba saa hizi thamani yake ni sifuri."

Ningeweza. Lilikuwa neno moja, na wenyewe walikwisha kulisema kwa kinywa chao. Lakini Yuditha alisema haina bei, na Mizani ilikuwa inanitaka niape kwamba haina thamani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba cha mablanketi. Nikamwona mama yangu wa miaka sabini na mbili akiinama alfajiri na ndoo kwa sababu binti yake aliapa mahali fulani kwamba kuinama kwake si kitu.

"Sithibitishi," nikasema.

"Basi kanuni inatumia kima cha chini cha mshahara." Haikuchukua hata pumzi moja. "Uniti moja ya Nyamunyu ni shilingi mia mbili thelathini na moja. Mtambo umeshindwa."

Nikapaza sauti. Nikasema naomba na gesi ipimwe hivi hivi, mpimaji atumwe, watu wake waulizwe, niko tayari kwenda mwenyewe. Nilisema nathibitisha mara tatu ingawa hapakuwa na cha kuthibitisha.

"Ombi halihusiani na shauri hili," ikasema Mizani, ikatushukuru kwa kufika.

Kutoka uwandani tukasikia mngurumo mrefu. Watu wakakimbilia madirishani. Vioo elfu tisa vilikuwa vinainama, mstari kwa mstari, mpaka vyote vikatazama chini na kubaki hivyo. Mwanamke mmoja karibu nami aliuliza vitaamka lini.

Nilingoja matusi. Nilitaka matusi, kwa kweli. Mama Yuditha akanijia taratibu, akasimama karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni kwenye nguo yake ya sikukuu.

"Ungesema sifuri tu, mwanangu," akaniambia. "Sisi tulikwisha kusema."

Kisha akaniuliza kama nitakula kwake au nitakula njiani.

*

Gari langu lilikuwa la saa tatu asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nafunga begi nilipomsikia Konsolata anaita. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nje, mkono kwenye fremu, kitambaa cheusi machoni.

"Vimeinama vyote?" akauliza.

"Vyote."

"Havitageuka?"

"Havitageuka."

Akatoa mguu mmoja nje, akangoja. Akatoa wa pili. Jua la asubuhi lilimpiga usoni, jua lenyewe tu, la kawaida, nikaona mabega yake yakishuka kidogo kidogo. Aliniambia ni miaka miwili hajaota jua. Nikamletea kigoda, akakaa na kuweka mikono magotini, viganja juu. Nilisimama pale nikimtazama na kwa muda mfupi nikaamini kwamba sikukosea.

Nyuma ya nyumba shoka likaanza. Ilibidi maji ya chemchemi yachemshwe siku ile, na msitu wa karibu ulikwisha zamani, kwa hiyo watu walikuwa wanaanza na miti ya nyumbani. Konsolata akageuza kichwa kusikiliza. Akaniomba nikaangalie ni mti gani.

Nikaenda. Yuditha alikuwa amekunja mikono ya gauni, anapiga bila kupumzika, na hakuniangalia. Nikarudi nikamwambia Konsolata kwamba ni mparachichi.

"Nilioupanda mwaka nilioolewa," akasema. "Wanasema ulikuwa unaanza kuzaa."